Kitanda cha Bi Mize

Faki, rafiki yangu wa shule, alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa barazani kwangu Chake Chake na kikombe cha chai na kipande cha muhogo, akaniambia Mzee Hamad wa Wingwi ametutoka na maziko ni baada ya sala ya adhuhuri. Mke wangu alisikia kutoka ndani, akasema inna lillahi, akaanza kunitafutia kanzu iliyopigwa pasi. Nilikaa nikiutazama ule muhogo mpaka chai ikapoa. Kwa miaka arubaini na ushei nilikuwa nimejiapiza kwamba siku mtu yule akifa sitatia bega langu chini ya jeneza lake, na sasa siku yenyewe imefika, mimi ni mwalimu mstaafu mwenye mvi, vijana wa bodaboda wananiita shehe, na hasira yangu iko palepale nilipoiacha nikiwa na miaka kumi na saba. Husemwa kwamba mtu akizeeka hasira zake hupoa. Zangu hazikupoa. Nilivaa kanzu, nikaenda, kwa sababu kutokwenda kungenilazimu kumweleza mke wangu kwa nini, na hilo sikuwa nimemweleza mtu yeyote duniani.

Mwaka ule nilivuka kutoka kisiwa cha Kojani kuja kumalizia masomo Wingwi, kwa kuwa darasa nililofikia halikuwepo kwetu. Nilipewa mahali pa kukaa kwa Bi Mize, mwanamke wa makamo asiye na mume wala mtoto, ambaye alikuwa akikaanga mihogo na kuiuza popote palipokuwa na watu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, vyumba viwili na ukumbi mwembamba katikati, na kuta zake hazikufika kwenye makuti, hivyo neno lililosemwa chumba kimoja lilipita juu na kuanguka chumba cha pili likiwa zima. Mimi nililala chumba cha nyuma, juu ya jamvi na kigodoro cha sufi, pamoja na magunia ya makopa, mihogo iliyokaushwa, yaliyonuka vumbi tamu. Chumba cha mbele kilikuwa chake, na ndani yake kulikuwa na kitu kimoja tu cha kutazamwa, nacho ni kitanda. Kilikuwa kitanda cha kamba, cha mti wa mfenesi, miguu yake imechongwa kwa duara, isipokuwa mguu mmoja uliokuwa wa mkarafuu, mweusi, alioubadilisha baada ya mchwa kuula ule wa mwanzo. Kamba zake alizisokota na kuzisuka mwenyewe, na kila mwaka aliziwamba upya, mguu wake umekanyaga fremu, meno yamebana ncha ya kamba. Juu ya kitanda kile alilala, alivuta tasbihi, alikunja nguo na alipokea wageni wa kike.

Alinilisha vizuri kuliko nilivyostahili. Asubuhi uji mzito wa muhogo wenye pilipili manga, mchana majimbi ya nazi au shelisheli la kuchoma, na akipata samaki alimkata vipande viwili na kunipa mimi upande wa kichwa. "Nyie watu wa Kojani mwala vichwa ndo maana hamsikii," alikuwa akinitania, na akiniona nimekaa kimya sana alisema naona miti mingi mno kwa mara moja, si kama kisiwani kwetu, imenitia kizunguzungu. Vyombo vyake havikukaa nyumbani. Ukiuliza kinu, kiko kwa fulani. Ukiuliza sufuria kubwa, imekwenda harusini tangu juzi. Kulikuwa na siku tulipika wali kwenye kijungu cha chai kwa sababu vingine vyote vilikuwa nje, naye aliona jambo hilo ni la kuchekesha. Mimi sikuliona la kuchekesha, na hata sasa sijaliona.

Siku Mzee Hamad alipokuja nilikuwa chumbani kwangu nasoma. Alikuwa mtu mwenye jina pale, mwenye ng'ombe, mtu wa safu ya kwanza msikitini, na sauti yake kwa kawaida ilitangulia kufika kabla yake. Siku ile aliteremsha sauti mpaka nikalazimika kuacha kusoma ili nimsikie. Alikaa ukumbini, akakohoa, akauliza habari za mihogo, kisha habari za mvua.

"Bi Mize, nna haja," akasema. "Lakini ina haya kidogo."

"Sema, ndugu yangu. Hapa pana mie na kuta."

"Mwanangu Raya kaja kujifungulia kwetu. Wakwe zake watakuja kumtazama kutoka Chake, watu wakubwa. Na kile kitanda changu, mchwa kakimaliza. Siwezi kumlaza chini, wakaja wakamkuta."

"Chukua changu."

"Ni arubaini tu, ikitimia nakirejesha."

"Chukua, nimekwambia. Lete vijana wako kesho, kabla ya adhana ya alfajiri, watu wasione."

Alipoondoka Bi Mize aliniita. Aliniuliza kama nimesikia, nikasema nimesikia. "Basi hukusikia," akasema. "Yule ni ntu nzima, ana hadhi yake, na wakwe ni wakwe. Hapa tuko watatu tu tunaojua. Neno hili likitoka, litakuwa limetoka kwako." Nilimwahidi. Nilikuwa na umri ule ambao mtu akikabidhiwa siri anajiona amekabidhiwa nyumba, na asubuhi yake, vijana walipokitoa kitanda gizagiza kimefunikwa shuka, nilisimama mlangoni kama mlinzi na moyo wangu umejaa fahari. Leo nikimkumbuka kijana yule natamani kumzaba kofi.

Arubaini ilitimia, ikapita, na kitanda hakikurudi. Bi Mize alilala juu ya mkeka, kwenye sakafu ya udongo, na kila alfajiri nilimsikia juu ya ukuta akijiinua, goti kwanza, kisha mkono ukutani, kisha "ya Rabbi" ya pumzi ndefu, kisha kimya kidogo kabla ya goti la pili. Nilimpa kigodoro changu akakikataa. Mara mbili alinituma kwa Mzee Hamad, si kudai, bali kumsalimia tu. Mara mbili niliketishwa, nikapewa kahawa chungu na kashata, nikaulizwa habari za Kojani na kama kweli kwetu watoto huogelea kabla ya kutembea. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Raya alikuwa amekaa juu ya kitanda anasuka nywele, mtoto pembeni yake, na mguu mweusi wa mkarafuu ulikuwa unaonekana chini ya shuka. Mara ya kwanza Mzee Hamad alisema, "Mwambie Bi Mize wiki hii hii." Mara ya pili alisema wakwe bado wanakuja kuja, mwambie astahamili. Nilirudi nimefura. Bi Mize alicheka, akasema niwaache, kitanda hakina miguu ya kukimbilia, wakimaliza watakileta.

Mchezo wa ng'ombe ulifanyika baada ya karafuu kwisha kuchumwa, kabla ya masika. Aliyeuandaa ni Mzee Hamad na ng'ombe dume alikuwa wake, na uwanja ulikuwa kiwanja kilicho mbele ya nyumba yake. Asiyeujua mchezo wetu aelewe kwamba ng'ombe hauawi. Hufungwa kamba ndefu inayoshikwa na wanaume, zumari na ngoma humpandisha hasira, na wachezaji humwendea na kitambaa mkononi, wakimkwepa huku wanawake wakiwaimba na kuwacheka. Siku ile walikuja watu wa vijiji vyote vya jirani. Wakwe wa kutoka Chake walikalishwa kwenye viti kivulini, na madafu mikononi. Mimi na Faki, niliyesoma naye darasa moja, tulikuwa juu ya tawi la mfenesi. Bi Mize alikuwa ukingoni mwa uwanja, upande wa wanawake, na karai lake la mafuta juu ya mafiga, watoto wamemzunguka wakisubiri mihogo.

Kamba ilikatika baada ya sala ya alasiri. Niliisikia ikilia, kisha nikamwona dume anakuja upande wa wanawake, na upande ule wote ukapasuka, kanga zinaruka, kila mtu anakimbilia kwake. Bi Mize hakukimbia. Nilimwona kwa macho yangu kutoka juu ya tawi, wala sihitaji kusimuliwa. Aliwasukuma watoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alilishika karai lile la mafuta yanayochemka ili lisiwamwagikie. Akalitua chini, kwa uangalifu, kama anavyolitua kila siku. Ndipo pembe ilipomwingia pajani. Dume alimrusha, akapita, akaenda zake kwenye mashamba ya mihogo.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanza kupata majina. Wanaume wasiopungua thelathini walimfukuza ng'ombe yule. Walikwenda na kamba, na miti, wakigawana njia, wewe pita huku, wewe mzuie kule, wakisikilizana kama askari. Ndani ya muda mfupi dume alikuwa amefungwa kwenye mnazi, amepewa maji, na mtu anamkagua pembe kama haikuvunjika. Nayasema haya kwa sababu baadaye watu walisema tulipigwa na bumbuwazi, akili zilituruka, hatukujua la kufanya. Uongo. Akili tulikuwa nazo, mikono tulikuwa nayo, mpangilio tulikuwa nao. Kwa ng'ombe kila mtu alijua nafasi yake.

Kwa Bi Mize tulifanya duara. Nilishuka mtini na Faki nyuma yangu, tukapenya mpaka mbele. Alikuwa amelala ubavu, kanga imelowa damu, macho wazi, anauliza kama kuna mtoto aliyeungua. Mtu alisema, "Jamani, msaidieni." Mwingine akasema, "Jamani, fanyeni haraka." Kila mtu alikuwa anamwambia jamani, na jamani hakuwepo. Mzee mmoja alimwaga kahawa ya unga juu ya jeraha akarudi nyuma kufuta vidole. Wanaume walisema huyu ni mwanamke, wamshike wanawake. Wanawake wakasema kumbeba mpaka barabara kuu, mwendo wa nusu saa kwenye njia ile ya mawe, kunataka wanaume. Mmoja akauliza, "Wenyewe wako wapi? Jamaa zake waitwe." Ikasemwa hana jamaa wa karibu, labda huyu mtoto wa Kojani akaaye kwake, na nyuso zote zikanigeukia, nami nikatazama chini.

Kisha likaja neno la kitanda. Lilikuwa neno la maana, maana mgonjwa kwetu alibebwa juu ya kitanda cha kamba, wanaume wanne, na magari hayakufika kwenye njia ile. Sauti zilianza kukitafuta kitanda kwa midomo. Kwa Issa kipo. Issa akasema changu kina miguu mitatu. Kwa Bi Asha. Cha Bi Asha amelala mama yake hajiwezi. Mtu akasema liletwe jeneza msikitini, liko karibu, akakemewa papo hapo na watu wasiopungua kumi, ntu hai hatiwi jenezani, mwataka kumwitia mauti? Wengine waliogopa, na walisema wazi, kwamba kitanda kikifiwa juu yake hakilaliki tena kwa raha. Ndipo mtu mmoja akasema, "Si hapa kwa Mzee Hamad, ndo karibu zaidi."

Mzee Hamad alikuwa amesimama karibu na viti vya wakwe. Alisema, "Changu kalala mzazi." Raya alikuwa amesimama umbali wa hatua chache, mtoto begani, mzima kabisa, na kila mtu alimwona. Hakuna aliyesema neno. Mzee Hamad akanitazama mimi. Alinitazama kama mtu anayeomba maji. Nilijua anachokiomba, na nilijua kwamba mule ndani, nyuma ya mlango ule wa bluu, kuna kitanda cha mguu mweusi ambacho mwenyewe amelala hapa kwenye vumbi. Ningesema maneno manne tu. Kile ni kitanda chake. Faki alinishika mkono akanikazia macho, nikadhani anaogopa damu. Bi Mize aliita jina langu mara moja, "Kombo", akafumba macho. Mpaka leo sijui alitaka niseme au alitaka ninyamaze. Mimi nilikuwa mgeni, nilikuwa mtoto, nilikuwa nimeahidi, na mbele yangu walikuwepo wazee ambao kwa adabu tuliyofunzwa husemi mbele yao mpaka uulizwe. Hakuna aliyeniuliza. Nikanyamaza, kwa adabu zote.

Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini, na kwenye vitabu vyao kuna sura zinazosema watu wakiwa wengi kazi huwa nyepesi. Nimezifundisha sura hizo huku nasaga meno. Mwaka jana karibu na soko la Chake Chake kijana wa bodaboda aligongwa, mguu umegeukia pasipo pake, na nilipofika walikuwepo watu wa kujaza msikiti, simu ziko juu hewani, na kila mmoja anasema jamani. Siku hizi sisemi jamani. Nilimwonyesha kidole mmoja nikamwambia, wewe wa shati la kijani, weka simu, shika kichwa. Wewe wa kofia, simamisha gari ile. Wakafanya, tena wakafanya vizuri, kama waliokuwa wakingoja kuitwa tu. Watu wakanisifu kwa ujasiri. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya kutapika, maana kumbe ilikuwa rahisi vile. Kumbe ilitosha kidole kimoja.

Waliomnyanyua Bi Mize mwishowe ni wanawake wenzake wa biashara, wanne au watano, waliounganisha kanga zao na kumweka juu yake, kila mmoja akashika pembe yake ya kanga. Jua lilikuwa limeshateremka. Mimi nilishika upande wa kichwa, kwa sababu walinilazimisha. Kanga hazikukaza, tukawa tunamtua kila baada ya hatua chache, na kila tukimtua ardhi ilikuwa inabaki nyekundu. Wanaume kadhaa walitufuata nyuma wakituelekeza pa kukanyaga. Tulifika barabarani tukapata lori la matofali. Alikata roho njiani, kabla ya magharibi, kichwa chake mapajani mwangu, na neno lake la mwisho lenye maana lilikuwa kwamba karai lisiachwe nje, litashika kutu.

Asubuhi yake jeneza lilikuja. Hakuna aliyeuliza liko wapi, la nani, nani alibebe. Lilikuwa mlangoni kabla maji ya kumwoshea hayajapata moto. Na alipotolewa, ee Mola wangu, nilidhani naota. Kijiji kizima kiligombea kumbeba. Walisukumana. Kila mmoja alitaka bega lake liguse ule mti hatua saba, kumi, kwa ajili ya thawabu, wakipokezana kwa vishindo, na aliyeachwa nje alinyoosha mkono aguse japo kwa ncha za vidole. Walikuwa mamia. Bi Mize hakuwa mzito, jeneza lilikwenda kama linaruka, na mwendo wa nusu saa ungetuchukua robo. Issa alikuwepo mbele kabisa. Mzee Hamad alikuwepo, analia machozi ya kweli, bega lake limechubuka. Masheikh walisema siku yake ilikuwa imefika. Sibishani na kadari. Lakini kadari haikututaka tusimame duara.

Siku ya hitima kitanda kilirudi. Kilirudi mchana, mbele ya watu wote waliokuja kusoma, kimebebwa na vijana wawili, kimefuliwa kamba, kinang'aa. Mzee Hamad alisimama akasema kwamba marehemu alimwachia amana hii na yeye hataki kukutana na Mola wake ikiwa shingoni mwake. Watu walitikisa vichwa. Nilisikia mmoja nyuma yangu akisema, "Watu kama hawa wamekwisha duniani." Kikatiwa chumba cha mbele, mahali pake pale pale, na Mzee Hamad mwenyewe akaniambia kwa upole nikilalie mimi, kwa kuwa nimebaki peke yangu. Sikukilalia. Miezi iliyobaki ya mwaka ule nililala juu ya jamvi chumba cha nyuma, na alfajiri nilikuwa naamka na kusikiliza juu ya ukuta, goti halisikiki, mkono hausikiki. Majirani waliniletea chakula kwa zamu mpaka nikamaliza mitihani. Walikuwa wema sana kwangu, na wema wao ulinichoma kuliko njaa.

Basi Jumatano ile nilifika Wingwi, nikasali, na jeneza lilipotoka nikakaa pembeni mikono nyuma. Ni jeneza jipya siku hizi, la mabomba ya chuma. Watu walisukumana vile vile. Mtu mmoja aliniambia, "Mwalimu, tia bega," nikamwambia bega linaniuma, na kwa kweli lilikuwa linaniuma. Nilimsindikiza Mzee Hamad mpaka kaburini bila kumgusa, nikahisi nimelipa kisasi changu kidogo cha mzee mpumbavu, na hakikuwa na ladha yoyote.

Baada ya maziko tuliketishwa kwenye baraza ya nyumba ile ile, watu wanne kwa sinia, wali na mchuzi wa samaki. Nilikaa na Faki, Issa ambaye sasa macho yake hayaoni vizuri, na kijana nisiyemjua. Faki alinisogelea akaniuliza taratibu mbona sikubeba, watu wameniona. Sijui kilichonifungua kinywa. Labda ni ule mlango, uliokuwa bado umepakwa rangi ya bluu. Nilimwambia yote. Nilimwambia juu ya Mzee Hamad na sauti yake ya chini ukumbini, juu ya shuka alfajiri, juu ya ahadi. "Kitanda kilikuwa chake mwenyewe, Faki," nikasema. "Kilikuwa mule ndani, hatua mia kutoka alipolala. Na nje ya nyumba hii mimi peke yangu ndiye niliyejua, nikanyamaza."

Faki alikuwa anatoa mwiba kwenye samaki. Aliumaliza kuutoa, akauweka ukingoni mwa sinia.

"Peke yako?" akasema. "Kombo, kitanda kile twakijua sote."

Nikadhani sikumsikia sawasawa.

"Siku kilipohama kilipita mbele ya mlango wetu. Mama kachungulia, kauona ule mguu mweusi umetoka kwenye shuka, katwambia nyamazeni, msije mkamuumbua ntu nzima. Kina Issa wakijua tokea hapo. Kina Bi Asha wakijua. Ntaa nzima ukijua."

Issa hakuinua uso. Mkono wake ulikuwa unapapasa wali kutafuta upande wake. "Tukimsitiri," akasema. "Na wakwe walikuwa wapo."

Nilimuuliza Faki kwa nini basi hakusema, siku ile, pale, alipokuwa amenishika mkono. Alinitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo jibu lake ninalo mwenyewe tangu zamani.

"Nlikuwa nakungoja weye," akasema. "Si weye ndo ulokaa kwake."

Sikuweza kula tena. Niliinuka, nikaenda kunawa kwenye pipa lililokuwa upenuni, nikanawa mikono yote miwili mpaka viwiko. Pale kiwanjani, ulipokuwa uwanja wa ng'ombe, vijana wanne walikuwa wanalirudisha jeneza msikitini, tupu, wanakwenda mbio mbio wakitaniana, na hakuna aliyewatuma.